Dola 1,500 za kuanzia na 60 kwa mwezi: tangi la matumbawe linawezekana, ila si la galoni 75

Mkuu, umeuliza kama dola 1,500 za kuanzia na dola 60 kwa mwezi zinatosha kuendesha tangi la matumbawe la galoni 75 hapo Ohio, lenye Acropora (matumbawe magumu yenye matawi), na shemeji ameshasema hata senti haiongezeki. Kwa galoni 75 na Acropora, hazitoshi. Kwa galoni 40 na matumbawe laini zinatosha, na chenji inabaki.

Wengi huanza na orodha ya vifaa, kisha wanakatakata bei mpaka jumla ikae sawa. Hesabu inatakiwa ianzie kwa mnyama, kwa sababu yeye ndiye anayeamua taa, pampu na vipimo. Zoanthus, uyoga wa Discosoma na Capnella (ile inayouzwa kwa jina la Kenya tree, ingawa sijui nani aliifanya Mkenya) wanaridhika na PAR (kipimo cha mwanga wa usanisinuru) ya 50 hadi 150. Taa moja ya LED ya mtumba inatosha tangi zima. Acropora anataka PAR 200 hadi 350 kila kona, mkondo mkali unaobadilika, na alkali isiyotikisika.

Watu husema Acropora anamaliza pesa kwenye kemikali. Si huko. Kupandisha alkali kwa dKH 1 (dKH ndiyo kipimo chake) katika lita 130 za maji kunahitaji gramu 4 za magadi soda, sodiamu baikaboneti tupu ya dukani (usichanganye na baking powder). Hata tangi linalotumia dKH 1.5 kila siku halimalizi gramu 200 kwa mwezi. Pesa inakwenda kwenye kuizuia hiyo alkali isiyumbe: pampu ya dozi, vipimo kila siku mbili tatu, taa ya pili. Alkali ikiruka dKH 1 na zaidi ndani ya siku moja, nyama ya Acropora huweza kuanza kubanduka kuanzia chini, na kipande cha dola 60 kinabaki mfupa mweupe kabla wiki haijaisha. Matumbawe laini hayajengi mifupa kama hiyo, kwa hiyo chumvi mpya unayoweka kila wiki inarudisha karibu kila kinachotumika.

Sasa hizo 1,500. Tangi la galoni 40 aina ya breeder (inchi 36 kwa 18 kwa 16, kama lita 150) la mtumba pamoja na kabati lake, weka 150. Mawe makavu kilo 15 na mifuko miwili ya mchanga wa aragonaiti, 150. Mtambo wa kusafisha maji wa RO/DI (utando na resini) wa hatua nne, 160. Taa 200. Hita mbili na kidhibiti joto cha nje, 90. Pampu mbili za mkondo, 90. Filta ya kuning'inia nyuma, 50. Skima (mtambo wa kutoa uchafu kwa povu) inaweza kusubiri mwaka mzima kwenye tangi lenye samaki wanne. Ndoo ya chumvi ya kilo 22, 75. Refraktomita (kipima chumvi), maji yake ya kurekebishia na vipimo vya alkali, naitreti na fosfeti, 120. Kijazio cha kujiendesha cha kurudisha maji yaliyopotea kwa mvuke, 80. Tangi dogo la karantini lenye filta ya sponji na hita yake, 80. Ndoo, mipira, mizani ya jikoni na soketi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, 60. Jumla 1,305. Zile 195 zinazobaki usiziguse. Hiyo ni akiba ya siku hita au pampu itakapokufa Jumapili usiku, na ukiitumia, ijaze kwanza kabla ya kununua mnyama yeyote.

Umeona hakuna samaki wala tumbawe humo. Hao watatoka kwenye pesa ya mwezi, tena haidhuru, maana wiki nne hadi sita za mwanzo tangi linakuza bakteria na halipokei mnyama. Weka amonia mpaka isome 2 ppm (sehemu kwa milioni), tia bakteria wa chupa, subiri mpaka amonia hiyo na naitraiti zote zishuke hadi 0 ndani ya saa 24. Anayeruka hatua hii hulipia kwa kuzika samaki.

Mtambo wa RO/DI ndio watu wanaouona wa anasa. Piga hesabu. Tangi la wazi la ukubwa huo hupoteza kama lita 3 kwa siku kwa mvuke, yaani lita 90 kwa mwezi. Kubadilisha lita 15 kila wiki kunaongeza lita 60. Hizo ni lita 150, takriban galoni 40. Dukani galoni ya maji ya RO inauzwa senti 50 hadi 75, kwa hiyo utatoa dola 20 hadi 30 kila mwezi, ukiacha mgongo wa kubeba madumu. Mtambo unarudisha pesa yake ndani ya miezi sita hadi minane. Maji ya bomba usiyajaribu: kloramini, fosfeti na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba, yote yanaingia na hayatoki kwa mvuke. Kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kikianza kusoma zaidi ya 0 upande wa kutokea, badilisha resini. Kwa kuwa chumvi nayo haivukizwi, kilichopungua kwa mvuke unakijaza kwa maji matamu tu, usije ukajazia ya chumvi.

Chumvi pima kwa mizani, si kwa kikombe. Chapa nyingi zinataka takriban gramu 38 kwa lita kufika 35 ppt (sehemu 35 za chumvi kwa elfu), kwa hiyo lita 15 zinakula gramu 570. Kujaza tangi mara ya kwanza (maji halisi ni kama lita 130 ukishaweka mawe na mchanga) kunamaliza kilo 5. Ndoo ya kwanza itakufikisha mwezi wa saba, zinazofuata karibu miezi tisa. Refraktomita irekebishe kwa maji maalumu ya 35 ppt. Ukiirekebisha kwa maji matamu inaweza kusoma sawa kwenye 0 na kukudanganya huko juu unakokuhitaji, nawe utamwaga chumvi bure mwaka mzima.

Kwenye hita ndipo ubahili unapoua. Hita ya bei chee haifi kwa kuzimika. Mara nyingi swichi yake ya ndani hushikana ikiwa imewaka, na wati 200 zikikaa kwenye lita 130 usiku kucha, asubuhi maji yamepita nyuzi 32 na kila kitu kimekwisha. Nunua mbili za wati 75 badala ya moja ya 150, uzichomeke kwenye kidhibiti cha nje kilichowekwa nyuzi 25.5, na kidude cha kila hita (swichi yake ya joto) ukiweke nyuzi 26.5. Moja ikishikana, kidhibiti kinaikata. Kidhibiti nacho kikishikana, kidude cha hita kinaikata. Vyote viwili vikigoma kwa pamoja, wati 75 peke yake haziwahi kuchemsha tangi kabla hujaliona. Badilisha hita kila baada ya miaka miwili hata kama bado inafanya kazi.

Kijazio nacho kina namna yake ya kuharibu. Kihisi kikichafuka na konokono au mwani, pampu inaendelea kusukuma. Dawa haina gharama: tumia ndoo ya lita 10 tu. Lita 10 zote zikiingia kwenye lita 130, chumvi inashuka kutoka 35 hadi 32.5, jambo ambalo wanyama wanalimudu. Ukiunganisha pipa la lita 60 kwa kuona uvivu wa kujaza, umejitegea mtego, na zulia la jirani wa chini litakuwa shahidi.

Vya mtumba nunua, ila kwa macho. Tangi lijaze maji kwenye gereji saa 72 kabla ya kuingia ndani, ukipitisha karatasi ya chooni kwenye kila mshono. Inashika unyevu ambao kidole hakihisi. Uliza kama limewahi kuwekwa dawa ya shaba. Jibu likiwa la kusitasita, ondoka, shaba inaua konokono, kamba na matumbawe. Pampu iwashe ndani ya ndoo, isikilize, kisha ifungue uangalie kama sumaku imepasuka au ina kutu. Zenye chokaa tu loweka kwenye siki na maji nusu kwa nusu, zinarudi kama mpya. Hita ya mtumba usinunue kabisa.

Kwa mwezi: umeme kama yuniti 100. Taa ya wati 100 kwa saa 9, hita zikiwaka jumla ya saa 16 kwa siku, pampu na filta muda wote, inakuja karibu yuniti 3.3 kwa siku. Kwa senti 17 ni dola 17. Chumvi 9. Filta za RO na maji 5. Chakula 5. Vipimo 5. Kaboni na vidogovidogo 3. Hiyo ni 44, na 16 zinabaki za wanyama.

Dola 16 zinaonekana kichekesho, lakini ndizo zinazolinda tangi. Konokono wanne wa Trochus mwezi wa kwanza baada ya bakteria kukomaa, kipande cha uyoga au zoanthus mwezi unaofuata, kisha ukusanye miezi mitatu upate samaki klauni wawili (Amphiprion ocellaris) waliozalishwa kwenye matangi, kama dola 50. Bakteria nao wanapata muda wa kuongezeka kufuata mzigo wa uchafu. Samaki yeyote akae karantini siku 30 kwanza. Ugonjwa wa madoa meupe wa Cryptocaryon ukiingia tangi kuu, utalazimika kuwatoa samaki wote na kuliacha bila samaki siku 76, na gharama yake hutaipata kwenye orodha yoyote ya bei.

Kipande cha tumbawe kigeuze chini kabla hujalipa. Tazama kidoko (kigingi kidogo ambacho tumbawe limebandikwa juu yake): anemoni ndogo ya kahawia yenye mikono mirefu ni Aiptasia, na moja ikiingia leo, ndani ya miezi michache unazihesabu kwa makumi. Vibomba vigumu vyeupe vinavyorusha utando ni konokono wa vermetidi. Kati ya zoanthus angalia visokoto vya mayai ya konokono wasio na gamba wanaozila. Ukiweza, kata tumbawe kwenye kidoko na ulibandike kwenye kipya. Kidoko kipya ni senti 30.

Kuhusu usinunue nini: chupa za amino na madini adimu, taa ya UV, kompyuta ya kuongoza tangi, rieakta za aina zote. Hasa usinunue kifyonza fosfeti kwa sababu tu umeona mwani mwezi wa pili. Mawe makavu hupitia vumbi la kahawia kisha mwani wa kijani, hayo ni makuzi. Ukikausha naitreti na fosfeti hadi 0, nafasi inachukuliwa na dinoflajeleti, uteute wenye mapovu unaoua konokono, na hao kuwatoa ni kazi ya miezi. Kaa kwenye naitreti 5 hadi 15 ppm na fosfeti 0.03 hadi 0.10 ppm.

Kikomo chenyewe kinashika ukikipa masharti mawili. Kifaa chochote kinachozidi dola 50 kisubiri siku 14 tangu ulipokitamani, isipokuwa hita na pampu zilizokufa. Na vipande vya matumbawe utakavyokata na kuuza mwaka wa pili, pesa yake iingie kwenye bajeti hiyohiyo ya tangi. Uyoga na Capnella vinazaana kiasi kwamba chumvi inaweza kujilipia. Bei za samaki usizizoee. Hawaii ilipofungia biashara ya kuvua samaki wa mapambo mwanzoni mwa 2021, kangaja wa njano (yellow tang) aliyekuwa chini ya dola 100 alipanda hadi mamia. Tena kangaja huyo hafai galoni 40 hata akitolewa bure.

Mwingine atakushauri ukienda likizo Mombasa au Tanga urudi na vipande na mawe kwenye begi. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bila kibali yanakamatwa uwanja wa ndege pamoja na wewe, mbali na kwamba safari ya saa 20 ndani ya begi huenda yasiimalize yakiwa hai.

Weka hapa bei ya yuniti kutoka kwenye bili yako na namba ya TDS ya bomba lako. Umeme ukiwa senti 20, hiyo 44 inakuwa 47. TDS ikizidi 300, resini itaisha haraka na ile 5 ya maji hesabu 8.