MGB ya 1966 inasita ukikanyaga mafuta

Ndugu, kwa hiyo MGB yako (gari la michezo la Kiingereza) inayokohoa kila ukikanyaga mafuta ghafla, usikimbilie kufungua kabureta zote mbili. Anza na oili ya damper, kifaa kinachopunguza kasi ya pistoni iliyo ndani ya kabureta! Juu ya kila kabureta ya chapa ya SU kuna kifuniko kidogo unachofungua kwa mkono, na chini yake kuna kijiti kinachotakiwa kuzama kwenye oili. Oili ikiisha, pistoni hupanda haraka mno, hewa inaingia nyingi kuliko petroli, injini inasita. Toa kichungi cha hewa, inua pistoni kwa kidole: ikipanda bila ukinzani wowote, umepata ugonjwa. Ongeza oili ya 20W-50 ile ile ya injini, kidogo tu, kisha rudisha kijiti. Ukiiachia, pistoni ishuke yenyewe hadi igonge chini, ikikwama, safisha.

Bado inasita? Tazama pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayotoa cheche) na taimingi (wakati cheche inapotoka).

Na tafadhali sana: MGB za kabla ya mwisho wa 1967 zilitoka kiwandani na arthi kwenye chanya, yaani upande wa chanya wa betri ndio uliounganishwa na bodi ya gari. Hakikisha nyaya kabla ya kugusa betri, zile mbili za volti 6 nyuma ya viti.