Re: Vitz ya 1000, niweke injini ya 1500?

Bosi, kwa hivyo unataka kutoa 1KR, injini yako ya cc 1000, uweke 1NZ ya cc 1500 juu hiyo Toyota Vitz inalia ikipanda mlima wa Timboroa na abiria wanne. Nakuru hapo uko kama mita 1850 na Timboroa inapita 2700, hewa kule ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 kwa kila mita 1000, so si wewe pekee, hata watu wa 1500 huzima AC pale.

Mafundi watakwambia ni kung'oa na kubolti tu. Zii. 1KR ni pistoni tatu, 1NZ ni nne, familia tofauti kabisa, utatafuta giaboksi, mauntingi, waya zote na kompyuta yake. Mimi nilifanyiwa hii maneno Kisumu, gari ikalala gereji wiki saba ikingoja waya tu na fundi simu hashiki. Ingekuwa Corolla 110 unatoa injini ya 5A unaweka 4A ningesema enda leo, hizo ni ndugu, ingawa unaongeza cc kama 90 tu, sijui ni ya nini.

Alafu namba ya injini iko kwa logbuku, usipobadilisha kwa NTSA, wale wa kusajili magari, siku ya kuuza utajua hujui. Insurance pia waambie.

Ningekuwa wewe ningepima kompresheni (presha ndani ya silinda) kwanza, niangalie plagi na filta ya hewa. Zikiwa poa, uza hiyo uongeze doo ununue yenye ilitoka kiwandani na 1300 ama 1500, breki zitakuwa saizi yake. Ukipima kompresheni weka namba zake hapa tuone.