Zulia la sebuleni na kikohozi cha mtoto

Pole sana, dada yangu. Umesema mwanao wa miaka minne anakohoa na kupiga chafya kila usiku tangu Juni, na sebuleni mna zulia zito unalolifagia kila asubuhi. Mimi ningeanza na huo ufagio. Ufagio mkavu hurusha vumbi hewani, na mtoto anayecheza chini ndiye wa kwanza kulivuta. Hebu funga mapazia, acha mwanga upenye sehemu moja tu, kisha lipige zulia kofi moja. Utaliona vumbi likielea kwenye ule mwali, wala halitulii haraka.

Hapa Moshi, Juni na Julai ni mawingu na baridi, madirisha tunafunga. Zulia linabaki na unyevu, na unyevu ndio unaowastawisha wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho. Kinyesi chao huamsha pumu na mafua ya mzio. Kwa hiyo jua likitoka tu, litoe nje, anika upande wa chini ukiangalia juu, lipige kwa fimbo mbali na madirisha, mtoto asiwe karibu. Kulifua msimu huu sikushauri: likikaa limelowa siku mbili hushika ukungu, na hapo umezidisha tatizo.

Chumbani anakolala ningeliondoa zulia kabisa, sakafu ipigwe deki. Lakini kikohozi cha muda wote huo kisisubiri usafi. Mpeleke hospitali wiki hii, na kifua kikitoa mlio kama filimbi, mpeleke leo.