Tovuti ikae dirishani, hesabu zibaki stoo

Maduka mengi ya jumla pale Kirumba mwaloni, Mwanza, yana nondo mbele. Mnunuzi wa dagaa anasimama nje, anataja anachotaka, anapitisha hela dirishani. Daftari la madeni na droo ya pesa viko ndani, mbali na mkono wake. Lakini mwenye duka huyohuyo akitaka tovuti, sisi mafundi tunamjengea dirisha na stoo chumba kimoja.

Nasema sisi kwa sababu kosa hilo nimelifanya. Mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki nilimwekea seva moja, yaani kompyuta inayohudumia wengine mtandaoni: tovuti, namba za wateja, ankara, hesabu zote humo. Ilikuwa nafuu. Tovuti ilikuwa na fomu ya kupakia picha, nami sikuiwekea ukaguzi wa aina ya faili. Mtu akapakia faili la PHP, yaani programu ambayo seva huiendesha, akalifungua kwa kivinjari, na kuanzia hapo seva ikawa inatii amri zake. Nywila ya hifadhidata, programu inayotunza kumbukumbu zote, aliikuta kwenye faili la mipangilio, imeandikwa wazi. Jumatatu asubuhi madeni yote yalikuwa yamefutwa, na nakala rudufu pia, maana zilikuwa kwenye diski ileile. Mzee hakunigombeza. Alitoa vitabu vya stakabadhi, tukakaa siku tisa tukiandika upya.

Siku hizi natenganisha. Seva ya tovuti ndiyo pekee inayoonekana intanetini, kwa poti, yaani milango ya mtandao, za 80 na 443. Hifadhidata inakaa kwenye seva nyingine yenye anwani ya ndani, na fayawoli, kichujio cha mawasiliano ya mtandao, inaruhusu njia moja tu: kutoka tovuti kwenda poti ya 3306, kama hifadhidata yako ni ya MySQL.

Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo panaponiuma. Unakuta seva mbili na fayawoli katikati, halafu tovuti inaingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ya root, yenye mamlaka yote! Aliyeiteka tovuti atapita mlango uleule uliomfungulia. Tovuti ya kuonyesha bei ya sangara na kupokea oda ipewe akaunti inayosoma jedwali la bei na kuongeza mstari kwenye jedwali la oda, basi. Isiweze kufuta, wala isiyaone madeni. Nakala rudufu nazo zichukuliwe na mashine ya ndani, na seva ya tovuti isiwe na ufunguo wa kuzifikia.

Kama fedha ya seva mbili haipo, tovuti iwekwe kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti, hesabu zibaki kwenye kompyuta ya ofisini, na ruta isifunguliwe poti yoyote. Oda mtaziingiza kwa mkono. Inachosha, lakini namba za wateja ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakudai uzilinde.

Ukimaliza, zima Wi-Fi ya ofisi, tumia bando la simu yako kujaribu kuifikia poti ya 3306. Kisha ingia kwenye seva ya tovuti, ujaribu kufuta mstari mmoja wa majaribio kwa akaunti yake. Kimojawapo kikikubali, usiikabidhi kazi hiyo leo.