TANZAM haikujengwa na Wachina

Wapo wanaosema TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, ilijengwa na Wachina. Hapana ndugu, Wachina walijenga reli ya TAZARA (1970 hadi 1975). Barabara ni habari nyingine. Lami yake ilitokana kwa kiasi kikubwa na fedha za Marekani na Benki ya Dunia. Chanzo ni Ian Smith, kiongozi wa serikali ya Wazungu wachache, kujitangazia uhuru Rhodesia (leo Zimbabwe) Novemba 1965. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mizigo yake huko, ikabanwa upande wa kusini, malori yakaanza kupeleka mafuta na kurudi Dar na shaba, kwenye njia ya vumbi na matope iliyoua madereva wengi. Leo unapita Morogoro, katikati ya hifadhi ya Mikumi, unapanda mlima wa Kitonga (hapo hata dereva mzoefu ananyamaza), unaiacha Iringa mjini juu kilimani, kisha Makambako, Mbeya, hadi Tunduma mpakani.