Trekta linanitikisa hadi mgongo wafa ganzi: ninunue kiti kipya?

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni mtunza bustani hapa Malindi, upande wa barabara ya Casuarina. Nakata nyasi za nyumba tatu za wageni, jumla yapata ekari nne, kwa trekta dogo la dizeli la nguvu za farasi 24. Mashine ya kukatia, yenye visu vitatu, imefungwa nyuma. Tangu mwezi jana trekta lanitikisa mno. Nikishuka jioni mgongo umekufa ganzi. Nyasi nazo zinabaki mistari, kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi anayejifunza. Tena ikifika saa tano mshale wa joto unakaribia nyekundu. Nimeweka mto wa sufi juu ya kiti, haukufaa kitu. Mwenzangu asema ninunue kiti kipya chenye springi. Nikinunue?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pesa ya kiti iweke kwanza. Na huo mto uutoe leo, maana unakuinua juu, unateleza, na ukiruka nao siku utakaponasa kwenye shimo utajikuta umekaa kwenye nyasi.

Gari lina springi na shoki. Trekta lako halina. Ekseli ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye mwili. Kinachokukinga na mabonde ni upepo ulio ndani ya matairi, na springi iliyo chini ya kiti, basi. Kwa hiyo nakuuliza: matairi uliyajaza wapi? Nakisia ulipita kituo cha mafuta, ukamwambia kijana akuwekee upepo, naye akakuwekea kama anavyoiwekea pikapu, paundi (psi) 30 na zaidi. Matairi mapana ya kukanyagia nyasi mengi hayataki hata 20 kwa nyuma. Ukutani mwa tairi pameandikwa kiwango cha mwisho, na ndani ya kitabu cha trekta mna kiwango cha kazi. Fuata cha kitabu. Pima asubuhi kabla jua halijayachoma, kwa sababu tairi likipata moto presha hupanda na kipimo kitakudanganya.

Hakikisha pia kulia na kushoto ni sawasawa. Upande mmoja ukipungua, trekta linainama, na mashine iliyo nyuma inainama nalo. Hapo ndipo unapopata nyasi za ngazi ngazi, huku fupi, huku ndefu. Baadhi ya mistari yako huenda ikaisha kwa kipimo cha upepo peke yake.

Matairi yakishakuwa sawa, tafuta mtikisiko unatoka wapi. Simamisha trekta mahali tambarare, vuta breki, giya iwe huru, na watu wakae mbali. Pandisha injini hadi mwendo wa kazi, bila kuwasha visu. Ikitetemeka hapo, tatizo ni la injini yenyewe au mipira ambayo injini imekalia. Ikitulia, shusha mashine chini kisha washa visu hali trekta limesimama. Mtetemo ukianza sasa, unatoka kwenye visu, beringi au propela ya PTO, yaani ile shafti inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Mwisho zima visu, inua mashine, uendeshe trekta uwanjani. Mtikisiko ukiwapo hapo tu, rudi kwenye matairi na nati za magurudumu. Kazi ya dakika kumi, na itakuokolea kununua vitu usivyovihitaji.

Kwa maelezo yako, mimi naweka shaka yangu kwenye visu. Ardhi ya Malindi waijua: juu mchanga na ukoka, chini jiwe la matumbawe, na mvua za masika zikiosha mchanga jiwe linachungulia. Kisu kikiligonga mara moja chaweza kupinda kidogo tu, usione kwa macho. Lakini PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, na ndani ya mashine mzunguko huo unaongezwa tena mara kadhaa kabla haujafika kwenye kisu. Kwa mwendo huo, uzito wa sarafu upande mmoja watosha kukutetemesha mpaka meno.

Inua mashine, zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni, kisha uweke magogo imara chini yake. Usiamini mikono ya haidroliki peke yake, mkono wako ukiwa chini ya chuma. Zungusha kila kisu polepole kwa mkono uliovaa glavu na upime ncha iko juu au chini ya ukingo wa mashine kwa kiasi gani. Geuza ncha ya pili ije palepale, upime tena. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu kimepinda. Usikinyooshe kwa nyundo. Chuma kilichopinda kikanyooshwa hukatika kikiwa kazini, na kipande chake huruka kama risasi. Tupa, nunua kingine.

Ambacho hakijapinda kinoe, kisha ukipime mizani. Piga msumari ukutani, utundike kisu kwa tundu lake la kati, ukiache kilale. Upande utakaoshuka ndio mzito. Piga tupa kwenye mgongo wa ncha hiyo, si kwenye makali, kidogo kidogo, mpaka kikae kimelala bila kuinamia popote. Niliwahi kubadilisha beringi mbili za mashine ya mteja, nikaiwasha, mtetemo ukawa uleule. Nilikuwa nimeona uvivu kutundika visu msumarini. Beringi zile nikazilipa mwenyewe.

Ukiwa bado huko chini, shika kila kisu ukitikise juu na chini. Kikicheza, beringi yake imekwisha. Gusa pia mkanda unaozungusha visu: ukiwa na nyufa au unang'aa pembeni, umeanza kuteleza, na kisu kinachoteleza hakikati, kinalaza nyasi tu.

Propela nayo iangalie. Ilipofunguliwa mara ya mwisho, pengine walichomoa mirija yake miwili inayoingiana wakairudisha bila kutazama. Uma zilizo kwenye ncha zake zote mbili lazima zielekee upande mmoja. Zikipishana, propela inazunguka kwa kuruka ruka hata kama kila kitu ni kipya. Na ukifika kona, zima PTO kabla ya kuinua mashine juu sana. Misalaba ya propela, yaani viungo vyake vya kukunjika, haipendi kukunjwa sana ikiwa inazunguka. Kifuniko cha plastiki cha propela kisikosekane kamwe. Shuka au kikoi kikinaswa pale, hakitoki peke yake.

Kwa mistari itakayobaki, mbele ya mashine iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 6 hadi 10. Rekebisha kwa ile skrubu ndefu ya juu inayoungana na trekta.

Sasa joto. Umesema barabara ya Casuarina, nami nikacheka kidogo, maana jina la barabara ndilo jina la mti, na mti wenyewe ndio adui wako. Majani ya mvinje ni vijisindano vyembamba. Vinapenya wavu wa mbele na kulala juu ya rejeta kama mkeka. Juu yake yanakuja makapi ya ukoka, na kaskazi ikivuma mchanga unaziba kilichobaki. Feni inavuta, hewa haipiti. Kila baada ya saa mbili za kukata, simama, zima, usafishe wavu kwa brashi. Jioni injini ikishapoa puliza rejeta kwa hewa kutoka upande wa injini kuja mbele, yaani kinyume na njia uchafu ulikoingilia. Usipige maji ya kasi, yatalaza mapezi yake. Kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, usikiguse.

Na rejeta usiitie maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari hapa kwetu vina chumvi, nayo hukaa ndani ikala chuma na kuziba vijia. Weka kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji safi, nusu kwa nusu, au kama kitabu kinavyosema. Hata kuosha trekta, tumia maji ya mfereji, haya yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki. Nimeona mashine za miaka mitatu zimetoboka chini kama chujio la nazi, na mwenyewe anaapa kuwa huiosha kila siku. Aliiosha kweli, kwa maji ya chumvi. Kwangua nyasi mbichi zilizoganda ndani ya mashine, ikauke, kisha upige grisi sehemu zote zinazozunguka. Vichwa vya betri vipake grisi pia. Upepo wa bahari hauvisahau.

Kiti chenyewe nimekiacha mwisho kwa makusudi. Kama kina kitasa cha uzito, kizungushe kulingana na kilo zako. Wengi hawakijui, wanakalia kiti kilichowekewa mtu wa kilo 100. Kisogeze mbele mpaka ukikanyaga pedeli goti libaki limekunjika kidogo. Swichi iliyo chini yake, ile inayozima injini ukiinuka, mtu asikushauri kuiunganisha waya ili isifanye kazi.

Anza na upepo wa matairi kesho asubuhi, kisha ufanye lile jaribio la uwanjani. Mtikisiko ukibaki, niandikie ulitokea ukiwa umewasha nini na kuzima nini.