Gesti ya bandarini Kigoma kabla ya Gombe

Dada, umeuliza kama ulale Kigoma mjini au uende moja kwa moja Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi nasema lala Kigoma kwanza, gesti ya karibu na ziwa, usiku mmoja au hata miwili. Gombe haina barabara ya gari, ni boti tu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Boti za abiria za bei nafuu huondoka Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji, mida ya mchana. Ukifika hifadhini jua limeshaanza kushuka, sokwe huwapati tena siku hiyo, kwa hiyo lazima ulale Kasekela, kambi ya humo hifadhini. Ukitaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tafuta wenzako mchangie boti ya kukodi, muondoke alfajiri.

Chumba omba cha upande wa ziwa. Giza likiingia na kama hakuna mbalamwezi, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga hadi mbali. Asubuhi pita Kibirizi uone dagaa walivyoanikwa, na usiondoke bila kula migebuka, samaki wa ziwa hilo, wa kukaanga, jamani ni watamu!

Halafu hili nakuomba kwa dhati: ukiwa na mafua, ahirisha safari. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na hufa. Wale wa Gombe wamefuatiliwa na watafiti tangu Mwingereza Jane Goodall alipofika kuwachunguza mwaka 1960, na idadi yao ni ndogo.